Tatu Haingii

Juzi mjukuu wangu alikuwa anafanya hesabu za sekondari, akaandika kwamba namba zote zinaweza kuingia mahali pa x isipokuwa tatu. Nikakumbuka alasiri moja kwetu Mundika. Nilikuwa nasaga wimbi na muhogo mkavu kwenye jiwe, vumbi limejaa puani. Kaka yangu Wanjala, wa sekondari, alichora hesabu kama hiyo chini kwa kijiti.

"Tatu haingii," akasema. "Ukiiweka, chini ya mstari kunabaki sifuri, na huwezi kugawa kwa sifuri."

"Imekosa nini?"

"Haijakosa kitu, wewe! Ni hesabu tu."

Nilidhani ananificha. Sasa najua hakuficha.

Baba akatoka ndani, akasema mimi shule basi, atasoma Wanjala.

"Nimekosa nini, baba?"

"Hujakosa kitu, mama. Saga."

Nikasaga mpaka ungo ukajaa.