Kalisti Hafungui Injini Peke Yake

Kalisti ana gereji ya mabati pale Milanzi, na kwa miaka ishirini hajafungua injini ya mtu bila mwenyewe kuwepo. Ukimwambia una haraka, anakuambia urudi siku usiyo na haraka. Mimi namuuzia vipuri, namjua: bei yake haishuki, kazi anachelewesha, na kucheka ni mpaka Krismasi. Ila dizeli za zamani anaziweza.

Jumatatu ile Janeth, mnunuzi wa mahindi, aliingia akifoka, mafundi wa jirani wakaacha spana wakaja kusikiliza. Pikapu yake, ambayo Kalisti aliifunga injini upya mwezi uliopita, ilikuwa imevutwa kutoka njia ya Kasesya. Konrodi, kile chuma kinachobeba pistoni, ilikuwa imekatika na kutoboa ubavu wa injini.

"Huyu mwizi," aliwaambia watu, si Kalisti. "Kanifungia vyuma chakavu. Msimpe gari tena."

Fundi akiitwa mwizi hadharani, wiki hiyo hiyo magari yanahamia kwa mwenzake. Kalisti alichukua spana.

"Simama hapo, mama. Nafungua."

Dereva alikuwa Andwele, mdogo wake Janeth, mwenye mdomo kuliko dada yake.

"Oili hiyo, mzee. Pampu haikupandisha."

Kalisti alichomoa beringi ya konrodi, akamtupia kifuani. "Oili ikikosekana, hii inaungua. Imeungua?"

"Basi bolti. Ulirudishia za zamani."

"Bolti hizi hapa, nzima zote mbili. Chuma kimekatikia katikati, na kabla ya hapo kilipinda."

Akamulika tochi kwenye silinda, akamwita Janeth aone. Katika silinda tatu masizi yaliishia juu kabisa. Katika ya nne yalishuka unene wa sarafu mbili.

"Pistoni hii ilikuwa haifiki juu tena. Konrodi ilipinda ikawa fupi, ikapigishwa kazi hivyo hivyo mpaka ikachoka. Maji yakiingia humu hayabanwi, kinachopinda ni chuma." Akamgeukia Andwele. "Ulivuka wapi maji, wewe?"

"Ni kijito tu. Ilizimika katikati, nikapiga stata."

"Mara ngapi?" Janeth aliuliza.

"Mpaka ikawaka, dada."

Janeth akashusha sauti. "Fundi, yaishe. Twende ndani tuongee. Hata lori langu nitakuletea wewe."

"Mwizi hukuniitia ndani. Uliniitia hapa. Waambie hawa."

"Kalisti jamani."

"Waambie."

Janeth aliwageukia wale mafundi. "Hakuniibia. Mdogo wangu ndiye kaliua gari."

"Wa nyuma hawajasikia."

Akarudia, safari hii kwa sauti ile ile aliyoingia nayo. Kalisti akaokota beringi yake chini, akaifuta.

"Haya, livuteni mkamtafute fundi mwingine."

Nilimwambia kapoteza kazi nzuri, na mimi kanipotezea mauzo ya injini nzima. Akaniuliza kama na mimi nataka kuvutwa.