Hatua Mbili Kando ya Kaburi

Harufu ya nguzo mpya ya umeme, ile dawa nyeusi inayonata vidoleni, hunirudisha kwenye kibanja chetu Rwamishenye, chini ya migomba.

Wapimaji walikuwa wamepigilia vigingi katika mstari ulionyooka, kila nguzo na kigingi chake. Kimoja kiliangukia juu ya kaburi la mama. Hawakulijua, sisi huzika wetu migombani, bila jiwe. Jioni baba aliking'oa, akakipigilia hatua mbili pembeni.

"Tata, hawataona?" nilimuuliza.

"Hatua mbili tu, mwanangu. Waya hauna macho."

Nguzo ikasimikwa pale. Siku ya kuvuta waya, fundi mmoja aliyetoka mbali alipanda, akajifunga mkanda kileleni.

"Wewe binti!" aliniita. "Nikishuka nikute ndizi zimeiva. Za jana zilikuwa mawe!"

Walipokaza waya, ile nguzo iliyotoka nje ya mstari ilivutwa upande. Haikuwa na waya wa kuishikilia ardhini. Udongo ulifumuka, ikaanguka naye. Mkanda haukumwachia.

Mnyapara alitazama shimo, kisha vigingi vilivyobaki. "Wapimaji wamekosea," alisema.

Kwao yule fundi hapakufikika upesi, na kwa desturi mgeni hazikwi kibanjani. Lakini baba akasema azikwe kwetu, kando ya mama. Majirani walikuja mmoja mmoja kumsifu kwa moyo wake. Aliwaitikia wote bila kuinua kichwa, akaendelea kuchimba.