Vivuli vya Séraphine

Katika foyer ya masista kule Bagira, wanawake wanapojifunzia kushona, kiti kimoja cha karibu na dirisha kilikaa kitupu muda mrefu. Wanawake walikaa mbali na mwanga, wakalalamika kwamba tundu la sindano halionekani, lakini kiti kile hawakukigusa. Hakuna aliyewakataza. Kilikuwa cha Séraphine.

Kwenye karatasi za Zaire, majina ya ubatizo yalipoondolewa, aliandikwa M'Bulonza, yaani binti Bulonza. Sisi tuliendelea kumwita Séraphine. Alizaliwa Kalehe, na mama yake alikuwa msusi wa vikapu. Mama huyo hakuwa na nyuzi za rangi ya kahawia. Alipoitaka, alisuka utepe mwekundu kando ya mweusi, mwembamba sana, kisha akakiweka kikapu mlangoni na kumwambia binti yake arudi nyuma mpaka kwenye migomba. Ukisimama kule, kikapu kilikuwa cha kahawia. Séraphine alisema hapo ndipo alipojifunza rangi, kabla hajavaa viatu.

Mengine alifundishwa na Pissarro. Masista walikuwa wametundika ukutani kalenda kutoka Ulaya, na mwaka ulipokwisha Séraphine aliomba ukurasa mmoja. Ulionyesha wanawake wawili wameinama katika shamba la kabichi. Chini palikuwa na jina la mchoraji, Pissarro, na picha yake ndogo, mzee mwenye ndevu nyingi. Aliubandika karibu na kiti chake. Alikuwa na umri wa miaka kumi na sita.

Nilimuuliza siku moja anampendea nini mzee yule.

"Anachora mama wa jembe bila kumuhurumia," alisema. "Na kivuli yake haiko nyeusi. Angalia. Iko buluu, iko violet. Mimi nilikuwa naona vile hata kwetu, lakini nilizani ni macho yangu mbaya."

Baadaye, chuoni, niliona picha nyingi za Pissarro katika vitabu. Karibu na uzee alikuwa ameweka rangi kwa vidoa vidogo, kimoja kando ya kingine, kama mtu anayedarizi. Sijaona mtu aliyemwelewa kuliko binti yule wa Kalehe aliyekuwa na ukurasa mmoja tu.

Foyer ilikuwa na patroni zake, michoro ya kunakili: waridi, bata wawili, neno "Karibu". Kila kitambaa kilichotoka pale kilitoka kwenye patroni hizo. Séraphine alidarizi waridi miaka mingi, akiomba kila mwaka aachiwe kitambaa kimoja atakachokifanya mwenyewe. Hakuolewa, na wenzake, waliomwita tantine, yaani shangazi, walimtania.

"Tantine, bwana yako wa kalendari amelala wapi leo?"

"Pale ukutani. Na haombake bugali kila saa kama wa kwenu."

Mwaka 1976 dada yangu Valérie alichumbiwa. Kwetu, siku familia mbili zinapokutana kwa mahari, meza hutandikwa kitambaa ambacho bibi arusi anasemekana amekidarizi mwenyewe. Kila mtu anajua si yeye. Hata hivyo mashangazi wa bwana arusi hukigeuza kitambaa na kukagua mafundo ya nyuma, wakipima bidii ya msichana. Valérie alimwendea Séraphine na kumwambia, "Fanya yako, tantine. Sitaki bata." Ndiyo ruhusa aliyokuwa ameingoja.

Alidarizi kilima cha Bagira jioni, na wanawake sita wakilima kwa mstari. Kilichukua miezi. Kila mwanamke alikuwa na kivuli kirefu cha uzi wa zambarau.

Mama yetu, Maman Georgette, alikuja kukitazama siku mbili kabla ya sherehe. Alikishika, kisha akakiweka chini.

"Séraphine, hii ni nini?"

"Ni kivuli, maman."

"Kivuli? Hii ni rangi ya kwaresima! Ni nguo ya padri ku maziko! Bakwe bakikuta hii ku meza, batasema nini? Unataka tuzike mutoto mbele aolewe?"

"Maman, toka inje saa kumi na moja, uangalie batu ku kilima."

"Mimi sikuje kuangalia kilima. Toa."

Sista Monique, aliyesimamia foyer, alisema mteja ndiye mwenye kitambaa. Séraphine alichukua mkasi mdogo, akaketi dirishani, akaanza kufumua. Hakulia wala hakununa. Alianzia upande wa kulia. Aliondoa vivuli vitatu, uzi kwa uzi, na mwanga ulipopungua Valérie akaingia.

"Unafanya nini?"

"Nafanya kitambaa ya mama yako."

Valérie aliviona vitundu vya sindano vilivyobaki chini ya miguu ya wale wanawake watatu. Akamnyang'anya kitambaa. "Hii yenye inabaki, inabaki," alisema, akaenda nacho nyumbani.

Hakukuwa na wakati wa kushona kingine. Siku ya mahari, mama alikigeuza mezani ili vivuli vielekee upande wetu, na upande mtupu uwaelekee wakwe. Lakini Bibiane, shangazi wa bwana arusi, hakuwa mtu wa kukaa upande mmoja. Alizunguka meza, akageuza pembe, akakagua mafundo, akasimama.

"Maman Georgette, juu ya nini bamama ba huku biko na kivuli, na ba kule hapana?"

Mama alimtazama machoni.

"Kule ni saa sita," akajibu.

Bibiane alicheka mpaka akaketi. Mahari ikapokelewa.

Mama alidhani amemtetea Séraphine, na kwa namna fulani alikuwa amemtetea. Habari ilienea Bagira nzima. Kabla mwezi haujaisha, wanawake walifika foyer wakiagiza "ile ya saa sita": kilima, walimaji, bila kivuli hata kimoja. Sista Monique alifurahi na kuanza kukata patroni yake.

Séraphine alimsikiliza mpaka mwisho. "Sista, hii ni muchezo ya Maman Georgette," alisema. "Mimi nilifanya jioni." Akabandua ukurasa wake ukutani, akauviringisha, akaondoka. Wakati ule sote tulifikiri angerudi.

Kitambaa kiko kwa Valérie, na upande wa vitundu umeanza kuchanika. Séraphine anakaa Kalehe, katika nyumba ya mama yake. Macho yake hayaoni tena sindano. Anasuka vikapu.