Eda ya Mtu Aliye Hai

Habari ya kifo cha shemeji yangu ililetwa na mtu ambaye hakukiona kifo hicho. Yeye aliambiwa na turniboi wa lori, na turniboi aliambiwa na watu waliokuwa wakivusha mizigo mto Mbwemkuru. Nayatanguliza haya kwa sababu ndivyo nilivyoyatanguliza siku ile barazani kwetu, wala hayakusaidia kitu.

Shemeji alikuwa mfanyabiashara wa korosho. Kila msimu alikwenda hadi Tingi, upande wa Kilwa, akanunua kwa wakulima, akarudi kabla mvua hazijaikata barabara. Mwaka ule masika yalimkuta hukohuko. Yakapita majuma bila salamu zake, na katikati ya kimya hicho ndipo alipofika mchuuzi mmoja wa ng'onda, samaki wa kukausha, akakaa mkekani, akatoa kofia, akasema kwamba shemeji amechukuliwa na maji.

"Nani aliuona mwili?" niliuliza.

"Mto umefurika, bwana. Mwili utauona wapi?"

"Basi nani alimwona akizama?"

"Waliokuwapo."

"Wewe ulikuwapo?"

"Mimi nilikuwa Kilangala, nauza ng'onda zangu. Lakini habari imeenea."

Ami yangu, mdogo wake marehemu baba, aliyekuwa ndiye mkubwa wetu, aliwageukia wazee wenzake. "Huyu hospitali imemharibu. Hata msiba anataka kuutia kipimo cha joto."

Watu walicheka kidogo, kwa adabu ya matangani.

"Ami," nilisema, "tungekuwa tunauza shamba, ungedai mashahidi wawili."

"Shamba halisemwi na watu," alijibu. "Mjane husemwa."

Alasiri hiyo ikasaliwa sala ya ghaibu, ya maiti asiyekuwapo, na mdogo wangu wa kike, mkewe, akakalishwa eda.

Yapasa nieleze alikuwa nani, kwani kwa wanawake wengi wa mji wetu miezi minne na siku kumi ya eda ilikuwa huzuni tu, lakini kwake ilikuwa na hasara nyingine. Yeye na mimi tulikuwa wanafunzi katika hospitali moja ya serikali, mimi nikijifunza uganga msaidizi, yeye uuguzi na ukunga. Hospitali hiyo sitaitaja. Wakati ule wa Mwingereza ilikuwa na ngazi ambayo kila mtu aliijua pasipo kufundishwa: juu alikuwa daktari Mzungu, chini yake daktari msaidizi wa Kihindi, na chini kabisa sisi Waafrika, ambao tulifundishwa jioni mambo tuliyokwisha kuyafanya asubuhi kwa kubahatisha. Daktari alipochoka alipanda meli akaenda likizo kwao, maana ilikubaliwa kwamba jua la huku huidhoofisha akili ya Mzungu. Mwanafunzi alipochoka, uchovu wake uliitwa uvivu. Niliwahi kumwona mwenzetu amesinzia wima, kashika ndoo, na tulichojifunza hapo ni kusinzia bila kuangusha ndoo.

Wanawake katika mafunzo yale walikuwa wawili tu: mdogo wangu, mtoto wa mjini, na msichana wa Kimwera kutoka Milola, aliyelelewa mashambani. Waliletwa kwa sababu wake wa mji walikataa kuguswa na mganga mwanamume, wakapendelea kufia uchungu nyumbani. Serikali ililijua jambo hilo. Mji nao ulilijua. Kila nyumba ilitamani mkunga mwanamke, ila hakuna nyumba iliyotamani kumtoa.

Nilikwenda kwa matroni, mama wa Kizungu aliyekuwa mkubwa wa wauguzi wote, kumwombea ruhusa. Hakuwa mtu mbaya. Alisema pole, na nadhani alimaanisha.

"Wiki mbili," alisema kwa Kiswahili chake. "Halafu kazi."

"Mama, desturi yetu ni miezi minne na siku kumi."

Aliweka kalamu chini. "Miezi minne? Anaumwa nini?"

"Haumwi."

"Kama haumwi, kwa nini yeye kaa ndani?"

Nilieleza kadiri nilivyoweza. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akarudia: wiki mbili, na mwanafunzi asiyerudi jina lake hukatwa. Ndiyo ilikuwa kanuni kwa wote, hata kwa waliougua. Nilimwuliza kama angekubali mdogo wangu aje mchana tu, arudi kulala nyumbani. Alifikiri, akakubali. Nilitoka pale na tumaini, ambalo nililipeleka moja kwa moja kwa sheikh.

Mimi si mwanachuoni, lakini nilisomeshwa na baba, na nilijua kwamba mjane mwenye haja huruhusiwa kutoka mchana akarudi nyumbani kwake usiku. Nilijua pia kwamba kifo kisichothibitika ni shaka, na aliye hai hahesabiwi maiti kwa shaka. Nilimwekea sheikh mambo haya mawili kwa utaratibu. Hakunipinga hata kwa neno moja.

"Kitabu umekisoma sawasawa," alisema. "Watu je, umewasoma?"

"Sheikh, watu watakusikiliza wewe. Sema neno Ijumaa."

Alijikuna mguu muda mrefu. "Akitoka, sitamkataza. Lakini nisimame mimi niseme mjane wa juzi aende kushika wagonjwa, na daktari mwanamume yumo humo? Hapana, mwanangu. Mimi pia naishi mtaa huuhuu."

Nilimpelekea mdogo wangu jibu hilo kama lilivyokuwa, bila kulipamba. Alikuwa ndani, amevaa kaniki nyeusi ya msiba, nywele hazikutiwa mafuta. Alisikiliza, akauliza swali moja.

"Kwa hiyo naruhusiwa, lakini hakuna atakayesema kwamba naruhusiwa?"

"Ndivyo."

Asubuhi ya mwisho wa zile wiki mbili nilimfuata. Alitoka chumbani na viatu vyake vyeupe vya hospitali mkononi, akiwa amevipaka chokaa siku iliyotangulia. Mama alikuwa ameketi kizingitini, ungo mapajani, akichagua mchele. Hakuinua uso. Hakusogea. Mlango ulikuwa mwembamba, na asingeweza kupita yeyote bila kumruka mama yake.

Mdogo wangu alisimama pale. Vidole vya mama viliendelea kutoa chuya na mawe, kimoja kimoja, na mchele ule, nawaambia, ulikuwa umekwisha kuchaguliwa. Mwishowe mdogo wangu aligeuka, akavirudisha viatu chini ya kitanda.

"Nenda, kaka," alisema kutoka ndani. "Utachelewa."

Jina lake likakatwa siku hiyo.

Binti wa Milola hakukubali kwamba mambo yamekwisha. Alidai kuwa matroni anaweza kumpokea tena baada ya eda akiona hakuna alichosahau. Basi kila alipopata nafasi alikuja nyumbani, akaingia na kelele zake, akamsomesha mwenzake yale yaliyofundishwa.

"Hodi humu. Shikamoo, mama. Nimekuja kumwona mjane mwenye raha. Yeye kalala kwenye mkeka, mimi nabeba zamu zake na zangu."

"Marahaba," mama alijibu, asijue kama acheke. "Punguza sauti, mwanangu, hapa pana msiba."

"Msiba uko kwangu, mama. Miguu yangu ndiyo imefiwa."

Kisha walikuwa wakikaa na mto wa usufi na kipande cha khanga, wakamgeuza mtoto aliyekaa vibaya, wakamzaa, wakamfunga kitovu kwa uzi. Shangazi mmoja aliwakuta, akasema ni uchuro mjane kuzalisha mto. Binti wa Milola alimjibu kwamba mto huo ni wa kike na mzazi anaendelea vizuri. Hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia mdogo wangu akicheka katika eda ile.

Nilianza kuamini kwamba ingewezekana. Naliandika hili kwa sababu ni kweli, ingawa si tabia yangu.

Lakini zamu mbili si mzigo wa mtu mmoja. Kufika kwake kulipungua, sauti ikapungua, na mara ya mwisho alipofika alilala palepale akiwa ameukumbatia mto, tukamfunika. Baada ya siku chache alikutwa ameanguka kando ya vikapu vya nguo chafu, ana homa. Alilazwa katika wodi aliyokuwa akiihudumia, na alipopata nafuu kaka zake walikuja wakamrudisha Milola. Nilipita huko baadaye, nikamkuta anapalilia mikorosho na mama yake. Alinisalimu vizuri. Kuhusu hospitali hakuniuliza chochote.

Mvua zilipokatika na lori zikaanza kupita, shemeji yangu alishuka barabarani, amekonda, akiongea kwa sauti ileile. Hakuwa hata amefika mtoni. Aliugua Tingi, akauguzwa na familia ya mkulima mmoja, akasubiri barabara ifunguke. Kama kuna mtu aliyezama Mbwemkuru masika yale, sijui hadi leo, na nimeuliza.

Mji ulifurahi sana. Walimzunguka barazani, wakamshikashika mabega. "Marehemu, karibu kahawa," ami yangu alimwambia, na jina hilo likamganda. Mchuuzi wa ng'onda naye alikuja, akacheka kuliko wote. Nilimwendea.

"Unasemaje sasa?" nilimwuliza.

"Alhamdulillahi, bwana, mtu mzima," alisema. "Mimi nilisema nilivyoambiwa."

Kesho yake mdogo wangu alioga, akapaka nywele mafuta, akavaa viatu vyeupe. Safari hii mama alimpisha. Tulikwenda pamoja kwa matroni, nami nikaeleza kwamba mume hakufa, hivyo eda haikuwapo kisheria, na kosa halikuwa la mwanafunzi.

Matroni alitutazama kwa zamu. "Mume hakufa?"

"Hakufa, mama."

"Na nyinyi wote mlisema amekufa."

"Walisema," nilijibu. Niliona kwamba tofauti hiyo haikumfikia.

Nafasi ile ilikwisha kupewa kijana wa kiume. Nafasi ya binti wa Milola pia. Matroni alituambia, kwa upole kabisa, kwamba imeamuliwa wasipokewe wanawake tena, kwani imeonekana kuwa wanawake wa pwani hii hawaiwezi kazi: mmoja alijifungia ndani bila ugonjwa, mwingine aliugua. Hayo ndiyo yaliyopelekwa juu, na huko juu yakaaminiwa kama habari ya Mbwemkuru ilivyoaminiwa kwetu.

Njiani mdogo wangu alivua viatu, akatembea pekupeku hadi nyumbani. Mumewe hakumzuia kutafuta mahali pengine. Hapakuwa na mahali pengine. Wake wa mtaa waliendelea kuzaa majumbani kama zamani, na wengine niliwachimbia kaburi pamoja na waume zao, ambao walisema ni kudra. Mimi nilimaliza mafunzo, nikafanya kazi hadi uzee. Sikupata kufanya kazi na mkunga aliyezaliwa mji wetu.

Marehemu alifariki kweli tulipokuwa sote wazee. Nilipoletewa habari niliuliza, kwa mazoea, nani aliuona mwili. Mdogo wangu ndiye aliyemwosha, kwa mikono yake.

Nilimkuta chumba kilekile, kaniki, nywele zimekuwa nyeupe. Nilikaa karibu naye, nikatafuta la kumwambia mfiwa, nikasema kwamba miezi minne itapita.

"Ipite au isipite," alijibu. "Safari hii, kaka, hakuna ninakochelewa."