Chupa Ndani ya Foronya

Mama Pasi hakuwa na pua. Pua yenyewe ilikuwepo, tena ya kutosha, imekaa vizuri usoni na kushikilia miwani. Ila kazi yake iliisha zamani. Miaka aliyoinamia mapipa ya dawa ya kung'arisha shuka katika chumba cha udobi cha hoteli ilimnyang'anya harufu moja baada ya nyingine, hadi akawa hatofautishi waridi na soksi ya mlinzi. Watu walimtania, naye alicheka nao. Kitu kimoja tu hakikumchekesha. Mume wake alikuwa mlevi aliyeacha pombe, na yeye ndiye aliyetakiwa kujua kama ameirudia.

Mume huyo alikuwa fundi saa, na mtaa mzima ulimwita Fundi, mkewe naye akamwita hivyo hivyo. Siku za ulevi wake hakuwa mtu wa matusi wala ngumi. Alikuwa mlevi wa kusahau. Alisahau saa za wateja, alisahau njia ya nyumbani, na siku moja ya mvua alimsahau binti yao kwenye lango la shule mpaka mlinzi akamrudisha mtoto nyumbani akiwa ametota chapachapa. Mama Pasi hakupiga kelele. Alisema tu, "Siku nikijua umerudia, nitakunja nguo zangu." Fundi alimwelewa vizuri. Mwanamke huyu hakukunja hata leso bila kumaanisha.

Fundi akaacha. Binti akakua, akaolewa, akahamia mbali. Lakini Mama Pasi hakupata tena usingizi wa moja kwa moja. Alikagua vifungo vya shati la mumewe kuona kama vimefungwa mshazari. Alitega sikio kusikia funguo zinavyoingia mlangoni, kama zinaingia mara moja au zinapapasa. Na kwa kuwa pua yake ilikwisha kustaafu, aliazima ya wifi yake.

"Wifi, hebu mkumbatie kaka yako."

"Si nimemkumbatia sasa hivi?"

"Mkumbatie tena. Ananukia nini?"

Wifi alikwenda, akarudi. "Mafuta ya saa. Na peremende."

Peremende! Mtu mzima mwenye meno mabovu anatafuna peremende za nini? Mama Pasi aliliweka hilo moyoni pamoja na mengine aliyoyaweka humo, na moyo ulikuwa umejaa kama kabati la hoteli.

Hata hivyo kabatini mwake kulikuwa na brandi. Utauliza, na ni haki yako, mwanamke mwenye hofu ya namna hiyo alikuwa na shughuli gani na chupa ya brandi ndani ya nyumba. Jibu halimpendezi, lakini ndilo. Mama Pasi alipenda kusifiwa, na alisifiwa kwa kitu kimoja: kinywaji chake cha sikukuu. Alifundishwa na mpishi mkuu wa pale hotelini, kama shukrani kwa kumtolea doa baya la kiazi chekundu kwenye koti jeupe. Maziwa, viini vya mayai, sukari, mdalasini, karafuu, kungumanga, na mwishoni brandi. Kila mwisho wa mwaka wifi alikuja, jirani yao kinyozi alikuja, na wote walikunywa wakitoa macho na kusema hakuna kama Mama Pasi. Mwaka mzima watu walimletea mashuka machafu. Siku hiyo moja walimletea sifa, na hakuwa tayari kuiacha.

Alijipa moyo kwamba amechukua tahadhari. Maziwa ya Fundi aliyachota kwanza, kabla ya pombe kuingia, akayatia kwenye chupa ya chai peke yake. Brandi aliinunua mapema, ikiwa bado na lakiri yake, akaifunga ndani ya foronya nyeupe na kuizika chini ya mashuka yaliyotiwa wanga, mahali ambapo hakuna mwanamume anayepeleka mkono. Mwenyewe hakuwa mnywaji. Hakuwahi kuonja kinywaji chake baada ya kutia brandi. Alimimina kwa kukadiria na kungoja sura za watu.

Mwaka huo, sikukuu ikiwa imekaribia, aliitoa chupa kuipangusa vumbi. Lakiri ilikuwa nzima. Lakini chini ya kizibo, pale chuma kinapokutana na kioo, aliona mkwaruzo mwembamba kama unywele. Mwingine asingeuona. Yeye aliona mikwaruzo ya aina hiyo mgongoni mwa kila saa iliyopita mikononi mwa mumewe. Ilikuwa alama ya kile kijisu chake cha kufungulia saa.

Akaikunjua foronya dirishani kwenye mwanga. Kulikuwa na doa, dogo kama punje ya dengu, la rangi ya kahawia. Alilitia mate, akalifikicha, akalitazama lilivyotanuka na kuacha ukingo mweusi kuliko katikati. Pua yake ilikuwa imekufa, lakini kwa madoa hakuna aliyemdanganya. Hiyo ilikuwa chai. Chai ya rangi, iliyokolea.

Mambo yote yakajipanga. Amefungua kwa ufundi, amekunywa, amejaza chai, amefunga kwa ufundi. Peremende kazi yake ikajulikana. Hata ule mluzi aliokuwa akipiga asubuhi akinyoa ndevu, mluzi wa mtu asiye na dhambi, ulieleweka sasa kuwa ni kejeli.

Mama Pasi aliirudisha chupa ndani ya foronya, foronya chini ya mashuka, na jioni akampakulia mumewe chakula kama kawaida. Fundi alimtazama.

"Mbona umenyamaza?"

"Nimechoka."

"Nikukandie mabega?"

"Kaa na mikono yako."

Usiku Mama Pasi alihesabu makosa yote ya mumewe tangu walipooana, na asubuhi akaanza kukunja nguo. Aliziweka kwenye begi chini ya kitanda, moja moja, blauzi juu ya blauzi, mistari imenyooka. Alikuwa akilia, na alikasirika kwa kulia, kwa sababu machozi yanaacha alama kwenye kitambaa chepesi. Lakini hakutaka kuondoka kimyakimya. Alikula njama na nafsi yake. Akanunua chupa nyingine, akaificha kule udobini kwenye sanduku lake la kazini. Siku ya sikukuu angetia brandi halisi kwenye maziwa, wageni wanywe wafurahi, kisha ile chupa ya brandi iliyojazwa chai angeigonga mezani mbele ya Fundi, wifi na kinyozi wakishuhudia, na kumwambia: hii yako, uliyoipika mwenyewe. Halafu begi, halafu mlango.

Siku ikafika. Mchana wageni walikuwa sebuleni, Fundi ameketi kwenye kiti chake karibu na dirisha, anarekebisha saa ya mkononi ya wifi. Mama Pasi alikuwa jikoni peke yake na mlango umerudishiwa.

Akatenga viini na ute, akirusha kiini kutoka ganda hili hadi lile. Akavipiga pamoja na sukari mpaka mkono ukauma na mchanganyiko ukapauka kama krimu. Maziwa yalikuwa motoni na vijiti vya mdalasini na karafuu, moto mdogo, kwa sababu maziwa yakichemka mayai hugeuka kuwa mabonge na sikukuu inakwisha hapo hapo. Akayachota kijiko kwa kijiko, akayatia kwenye viini huku anakoroga, kuvizoesha joto polepole. Kisha vyote akavirudisha kwenye sufuria na kukoroga hadi mwiko ukashika utando. Akakuna kungumanga juu yake. Mkono ulijua kazi, lakini macho yalikuwa mlangoni. Kila Fundi alipokohoa, yeye aliruka.

Akachota ya Fundi, akayatia kwenye chupa ya chai. Kisha akaifungua ile brandi mpya aliyoitoa udobini, akamimina. Ile ya zamani akaificha chini ya aproni.

Alipoingia na trei, alimkazia macho mumewe. Fundi aliinua kichwa ghafla. Mikono yake ikaganda juu ya saa, bisibisi ndogo ikamponyoka ikaanguka sakafuni. Mama Pasi aliona, akasema moyoni: mwizi amemsikia mwenye mali.

Wifi alipiga funda la kwanza, akakodoa macho, akaanza kukohoa mpaka kinyozi akampigapiga mgongoni.

"Wifi! Umetia nini humu? Dawa ya mashuka?"

"Nimetia kile kile cha kila mwaka."

"Nani kasema?"

Kinyozi naye alionja, akakunja uso, akaweka kikombe chini kwa adabu. "Shemeji, usinielewe vibaya, lakini leo imekuchenga. Ile ya siku zote iko wapi?"

"Ndiyo hiyo."

"Siyo. Ile inateremka. Hii inapanda."

Mama Pasi alisimama katikati ya sebule yake na trei mkononi. Ile ya siku zote. Alirudi jikoni, akachota maziwa matupu kutoka chupa ya Fundi, akayamiminia kile kilichokuwa chini ya aproni, akamletea wifi bila maelezo. Wifi akanywa, akafumba macho, akajilaza kwenye kochi.

"Hapo sasa! Hiyo ndiyo yenyewe. Ina tangawizi yake. Sikilizeni inavyoshika kichwa! Jirani, nikianza kuimba msinizuie."

Alikuwa akiimba kila mwaka, wifi huyu, kuanzia kikombe cha pili, na mwaka mmoja alihitaji kushikwa mkono kwenda kuvaa viatu. Kwa chai. Kwa chai ya rangi yenye tangawizi! Mama Pasi alipiga hesabu. Hilo halikuwa jambo la mwaka huu. Lilikuwa la miaka.

Akageuka kumtazama mumewe. Kiti kilikuwa kitupu.

Alimkuta uani, ameketi juu ya beseni lililogeuzwa, chini ya kamba za nguo. Jasho lilikuwa limemlowesha shati kifuani. Alikuwa anatafuna peremende mbili kwa mpigo, na viganja amevibana katikati ya magoti.

"Harufu yake," alisema bila kuinua uso. "Umefungua mlango tu, ikanifikia. Mwaka huu ulinunua mbili."

"Ile ya kwanza uliipeleka wapi?"

"Kwenye sinki."

"Zote? Miaka yote?"

"Kila mwaka nangoja uende kazini. Naifungua, namwaga huku nimeziba pua na taulo, natia chai. Nilikuwa naisikia hata ndani ya mashuka yako, Mama Pasi. Nalala najua iko pale. Siwezi kulala nyumba moja nayo."

Mama Pasi alitafuta hasira aliyokuja nayo, hakuiona. Mahali pake palikuwa na aibu, na aibu ilikuwa na moto kuliko hasira.

"Si ungeniambia tu? Ningeacha kuinunua siku hiyo hiyo."

"Ungeacha. Halafu ungeanza kunichunga." Fundi aliinua uso, macho mekundu. "Nilitaka nyumbani mwangu awepo mtu mmoja anayeamini nimepona. Nikasema, maadamu anaweka brandi kabatini bila wasiwasi, basi ananiamini."

Mama Pasi alikumbuka vifungo, alikumbuka funguo, alikumbuka wifi akitumwa kukumbatia mara ya pili. Kutoka sebuleni wifi alikuwa ameanza kuimba.

"Na lile begi chini ya kitanda?" Fundi aliuliza polepole.

Kumbe alikuwa ameliona. Alikuwa ameliona, na bado aliketi dirishani akitengeneza saa ya dada yake, akimngojea mkewe aamue.

"Nitalitoa," alisema Mama Pasi. "Nisamehe. Mimi ndiye niliyekuletea. Kila mwaka, kwa mikono yangu, ili kinyozi aniite bingwa."

Akaingia ndani. Wageni walimwona akikusanya vikombe na kubeba sufuria, kinyozi akauliza kulikoni, naye akasema mayai yameharibika. Akamwaga yote, na kilichobaki kwenye chupa pia, akafungulia maji yakapita muda mrefu. Akasugua sinki kwa dawa, akasugua sufuria, akafungua madirisha yote mawili. Akavua aproni akaitia kwenye ndoo. Kisha akanawa mikono kwa sabuni ya mche mpaka viwiko, kama anavyonawa baada ya kazi.

Akarudi uani, akachuchumaa mbele ya mumewe, akamnyooshea viganja vyake vilivyobabuka kwa dawa.

"Mimi sisikii kitu," alisema. "Hebu ninusie. Imetoka?"

Fundi aliishika mikono yake, akaisogeza puani. Alinusa kwa makini, pumzi zake zikimpiga viganjani.

"Bado kidogo," alisema.

Mama Pasi akainuka, akaenda kunawa tena.