Kutu Iliyotoa Mapovu kwa Jua la Isiolo

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vipya vya kisigino, na Fundi Mkuu akaniamuru nivivue kabla hajamaliza kuitikia salamu yangu. "Vumbi ya Isiolo inaingia na viatu, Halima. Hapa vumbi ni adui." Nikaingia maabara na kandambili. Jioni baba, aliyesafirisha mizigo kwa lori maisha yake yote, aliniuliza tunatengeneza nini mle ndani. Nikamjibu: kutu. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Mimi napiga lori msasa nitoe kutu, wewe umesomea digrii ya kuiweka!"

Lakini ilikuwa kutu yenye adabu, vijana wangu. Tuliweka kidonge cha oksidi ya chuma ndani ya chemba, tukanyonya hewa yote kwa pampu, kisha tukaingiza oksijeni kidogo. Kila pigo la leza, ule mwanga mkali mno, lilirusha kutoka kwenye kidonge mwali mdogo uliotua juu ya kioo cha moto. Pigo kwa pigo ilijengeka filamu ambayo mbele yake ngozi ya kitunguu ni blanketi. Filamu hiyo ni nusu-kipitishi: haipitishi umeme kama shaba, wala haiuzuii kama mpira. Ukiitumbukiza kwenye maji ya magadi juani, ukaiongezea umeme kidogo, maji hugawanyika: oksijeni hutoka kwenye filamu, na hidrojeni, ambayo ni fueli, hutoka kwenye waya uliotumbukizwa kando yake.

Tatizo ni kwamba filamu zilianza kubambuka. Mkurugenzi wetu, daktari wa fizikia kutoka Meru, akatuita. "Makao makuu wanakuja. Filamu ikibambuka mbele yao, leza inapelekwa Nairobi na sisi tunafunga." Nilikasirika sana. Siku zote watu wa Nairobi walisema mashine nyeti haiwezi kukaa huku kwa ngamia, na mimi nilitaka maneno hayo yawakwame kooni.

Nikaanza kupima vioo kwa tone la maji. Kwenye kioo safi tone hutandaa. Kwenye kioo chenye mafuta hujikusanya kama ushanga. Vioo vya siku za kawaida vilikuwa salama. Vya siku tulizopokea wageni vilijaa shanga tupu. Nikanusa kitambaa cha kuvifutia, nikacheka peke yangu. Unsi! Kwetu mgeni hukaribishwa kwa moshi wa unsi, ule ubani uliopikwa na sukari na manukato, na Mkurugenzi aliipenda desturi hiyo hata akaagiza chetezo kiwashwe mapokezini kila wageni wakija. Moshi ulikuwa ukipenya hadi chumba cha kuoshea vioo, na mafuta yake yakazuia filamu kushika.

"Kwa hivyo ni mimi naharibu kazi?" akauliza nilipomwonyesha.

"Ni ukarimu, Daktari. Umezidi tu."

"Basi tuwache unsi."

Fundi Mkuu, Mborana wa Biliqo, akaruka. "Mgeni aingie bila kufukizwa, kama askari wa doria? Haiwezekani. Chetezo iende geti."

Kikaenda geti. Filamu tuliipaka asubuhi, kabla wageni hawajafika. Walipokwisha kufukizwa, mkuu wao alibandika selotepu juu ya filamu yetu, akaivuta kwa nguvu. Selotepu ilitoka safi, bila chembe ya kutu. Tukatoa chombo juani. Akainama, akakodoa macho. "Mbona sioni kitu?"

"Ngoja kidogo, mzee," nikamwambia.

Povu moja likapanda kwenye waya. Likafuatwa na jingine, kisha msururu. Fundi Mkuu akataja jina la Mungu kwa sauti, nami nikapiga kigelegele mbele ya mabosi wote.

"Leza ibaki hapa," mkuu akasema.

Sasa nimestaafu, na magoti yananikumbusha kila saa niliyosimama kando ya ile chemba. Mabinti wa Kinna na Kulamawe ndio wanaoiendesha, tena wanazipaka filamu vizuri kuliko mimi. Najivuna? Najivuna sana, wala sitaomba radhi. Siku hizi watafiti wa Nairobi wakitaka filamu isiyobambuka, hupanda basi kuja Isiolo, na wakifika hupanga foleni.