Uvimbe Niliodhani ni Chaki

Nakumbuka asubuhi moja, miaka ya themanini ikielekea kuisha, nikiwa kwenye duka langu la ushonaji pale Riruta, mkono mmoja umeshika tepi ya kupimia na mwingine uko ndani ya blauzi yangu, natafuta chaki.

Mwanangu, shule niliiacha darasa la tatu, kwa hivyo usitarajie maneno ya daktari hapa. Lakini nguo naijua. Nilianza na cherehani kimoja cha kukanyaga, kwenye veranda ya watu, na kufikia wakati huo nilikuwa na vinne, na Wambui wa kunisaidia kushona. Wanawake walitoka mitaa mingine, Uthiru na hata Adams Arcade, kuja kupimwa na mimi. Mezani chaki ilikuwa ikipotea sana katikati ya vitambaa, ndiyo nikazoea kuiweka ndani ya sidiria, upande wa kushoto. Wambui alinicheka kila siku.

"Mama, hiyo duka yako ya ndani inafungwa saa ngapi?"

Sasa sikia ujinga wangu. Mwaka huo nilianza kuhisi kitu kigumu upande huohuo wa kushoto, kadiri ya punje ya mahindi. Hakikuuma. Nikajiambia ni chaki imenifinya. Imekaa hapo miaka yote, lazima nyama ikasirike. Unajua nilifanya nini? Nilihamisha chaki upande wa kulia. Basi, nikaona nimejitibu. Miezi ikapita, punje ikawa harage, na mimi bado nangoja nyama ipoe. Nikioga, napitisha sabuni hapo haraka nisikutane nacho. Huko hakukuwa kutojua tena, mwanangu. Ulikuwa woga, ila mwenye vyerehani vinne hakubali kuitwa mwoga.

Asubuhi hiyo akaingia Mama Kiran, mama mzee wa Kihindi, mteja wangu wa tangu zamani. Alikuwa amepotea karibu mwaka mzima. Nikamwambia nilidhani amepata fundi mwingine.

"Hapana fundi ingine," akasema, akijishika kifuani upande mmoja. "Mimi gonjwa. Hii upande daktari nakata yote. Sasa wewe shona blauzi, ndani weka pamba, ikae sawa."

Mimi mdomo wangu haujawahi kuwa na breki. Nikamuuliza, "Amekata yote? Na bado uko hai?"

"Sasa hii naongea na wewe ni nani?"

Wambui akacheka mpaka akasimamisha cherehani. Mimi sikucheka. Nilitia mkono kifuani nitoe chaki, nipate la kufanya, na Mama Kiran akautazama ule mkono.

"Fundi, chaki yako miaka yote nakaa kushoto. Blauzi zako zote iko alama nyeupe kushoto. Kwa nini nahama?"

Nikamwambia ilikuwa inanifinya.

"Toa chaki. Weka kwa meza."

Nikaiweka.

"Sasa shika kushoto."

Nikashika. Mwanangu, chaki ilikuwa mezani, naiona kwa macho yangu, na kile kitu kilikuwa bado chini ya vidole vyangu. Mama Kiran hakunipa pole. Alinisuta, tena mbele ya Wambui.

"Wewe napima wanawake yote ya Riruta. Wewe nani napima?"

Kesho yake alinipeleka hospitali mwenyewe, maana alijua nikiachwa ningesema kuna nguo ya harusi ya kumaliza. Daktari akatoa kipande kikapimwa, ikawa ni saratani. Aliniuliza nimekaa nayo muda gani. Nilitaka kudanganya, nikashindwa. Akasema imeanza kutembea kuelekea kwapani, ila bado wanaweza kuifikia. Ningekuja mapema, wangekata kidogo tu. Kwa hivyo titi langu la kushoto lilienda lote, na baadaye nikachomwa kwa mionzi wiki baada ya wiki, ngozi ikawa nyeusi kama iliyopigwa pasi ya moto. Nilitapika, nililia, nilimtukana Wambui bila kosa. Halafu siku moja nikakaa kwenye cherehani nikajishonea kifuko cha pamba, nikakijaza mtama kidogo kipate uzito, gauni lisikae upande. Nimewashonea wengi vifuko kama hicho tangu hapo. Miaka ya tisini yote niliimaliza nikiwa kazini, na hadi leo niko.

Sasa usinisikilize kama hadithi. Kila mwezi, hedhi ikishapita siku chache, simama mbele ya kioo bila nguo ya juu, mikono chini, kisha juu. Angalia kama kuna mahali pamebonyea, ngozi imekunjamana au chuchu imeingia ndani. Halafu ulale chali, ushike titi kwa vidole vitatu vilivyonyooka, usibane kama mtu anayechagua nyanya; zungusha polepole, kwa wepesi kwanza kisha kwa nguvu kidogo, mpaka kwapani na mpaka kwenye mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo. Kama hedhi imekoma, chagua tarehe moja usiibadilishe. Ukijishika hivyo utazoea mwili wako, na kitu kigeni kikija utakijua. Chuchu ikitoa maji au damu, usingoje. Ukipata uvimbe, hata usiouma, hasa usiouma, nenda ukaonyeshe wiki hiyohiyo. Uvimbe mwingi si saratani, lakini anayejua ni daktari, si wewe na si fundi wa nguo. Na hata usipopata kitu, ukienda kliniki waambie wakukague pia, kwa sababu vidole vyako havishiki kila kitu. Usijipe sababu. Mimi nilijipa ya chaki; wewe utajipa ya kunyonyesha, au ya mtoto kukugonga kifuani kwa kichwa.

Mungu akupe vidole visivyo na haraka na moyo usiojidanganya. Uzeeke, mwanangu, uzeeke mpaka wajukuu wachoke na maneno yako.